Nusu ya Kulia

Kwa miaka minane meza namba saba haikupimwa. Meza nyingine zote za kiwanda kile zilipimwa kila alasiri. Mpimaji alipita na sinia lake, akachukua biri tano hapa, tano pale, akazipeleka kwenye mashine ya kuvuta kuona kama zinapitisha hewa, na aliyeziviringa akabaki roho mkononi. Akifika meza ya saba alipita moja kwa moja, hata jicho hatupi. Pale walikaa ndugu wawili, tumbo moja, na kazi yao haikuwa na la kusemwa.

Mkubwa walimwita Bi Kulia, mdogo Bi Kushoto. Si majina waliyopewa na wazazi, ni ya kiwandani, na yalitokana na jani. Ngoja nieleze kidogo, maana usipolijua jani hutajua kilichomkuta huyu mama.

Biri ya mkono, ile nene isiyo na karatasi, ndani ina kiini: vipande vya majani vilivyokunjwakunjwa kwa urefu, vikaachiwa nafasi ili moshi upite. Kiini kinashikwa na jani la pili, kifungio. Hapo biri inalazwa kwenye kalibu ya mbao, kalibu inabanwa kwenye shinikizo, baada ya robo saa biri zinageuzwa, zinabanwa tena. Ndipo inapovishwa jani la juu, vazi, laini, lisilo na tundu wala baka. Sasa majani haya ya kufungia na kuvisha yakishatolewa uti wa katikati yanabaki nusu mbili mbili, na mishipa ya nusu hizo imelala kinyume. Nusu ya kulia inaviringwa kuelekea huku, ya kushoto kuelekea kule. Ukikosea, mishipa inasimama kama mbavu za mbwa mwenye njaa, na biri ikiwashwa inapasuka. Kwa hiyo mtu hujifunza nusu moja, na mkono ukishaizoea hiyo, nyingine unaiona kichefuchefu.

Bi Kulia alitumia mkono wa kulia. Mdogo wake alizaliwa mashoto. Jani likifika mezani kwao kila mmoja anachukua nusu yake, hakuna kinachobaki. Walikaa hivyo miaka thelathini na moja. Watu wakisema Mungu ndiye aliyewapanga, Bi Kulia alikuwa akijibu kwamba sawa, Mungu alipanga, lakini aliyefundisha ni yeye. Na hakusema uongo. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, ingawa walipishana miaka sita tu. Alimsuka nywele, akampeleka kazini, akaushika mkono wake juu ya ubao akamwonyesha namna ya kukunja. Posa zilimjia mbili, akazikataa zote. Mtoto angemwachia nani? Mtoto akafika miaka hamsini na tatu, bado wanakaa chumba kimoja, vitanda viwili na dirisha katikati.

Halafu mtoto akaposwa.

Aliyemposa ni seremala aliyekuwa akiletea kiwanda masanduku ya biri, mgane, mtu mpole ambaye nyusi zake hazikuisha vumbi la mbao. Kila akija alisimama meza ya saba kuuliza kama masanduku yanafunga vizuri. Mwaka mzima mtu anauliza habari za masanduku, na mwaka mzima Bi Kulia anamjibu kwamba yanafunga, asishtuke hata siku moja kuwa swali halikuwa lake. Mpaka jioni moja mdogo wake akiwa anakunja nguo akasema, "Dada, yule fundi amenichumbia. Nimemkubali. Anahamia kule anakoishi mwanawe, na mimi nakwenda naye."

"Kule mbali?"

"Kulekule."

Na huyu dada, mlezi, aliyekataa posa mbili, akatoa maneno ambayo hadi leo akiyakumbuka anafumba macho. "Nenda. Meza nitaiweza peke yangu. Na ukishakwenda usinitafute." Ulimi hauna mfupa, jamani. Ukishatoka umetoka.

Siku ya mwisho mdogo wake alifanya kazi hadi saa sita. Hawakusemezana. Bi Kulia aliviringa kama mtu anayemnyonga mtu. Bi Kushoto akabeba kalibu za wote wawili kwenda nazo kwenye shinikizo, kama alivyozibeba siku zote, maana kubeba ni kazi ya mdogo. Akakaa kule muda mrefu kuliko kawaida, akarudi macho mekundu, akasema, "Kwaheri, dada." Dada akainama kutafuta kisu ambacho kilikuwa mkononi mwake mwenyewe.

Wiki haikuisha, msimamizi akaja. Alikuwa kijana wa umri wa kuwa mwanawe, lakini mwenye adabu.

"Mama, nusu za kushoto zinarundikana. Zitaota ukungu. Niruhusu nikuletee mtu akae hapa."

"Kiti kina mwenyewe."

"Mwenyewe si ameondoka?"

"Kina mwenyewe, mwanangu. Nimeshasema."

Msimamizi akakuna shingo. Akampa mwezi mmoja wa kujifunza nusu zote mbili. Mwezi ukiisha meza itapimwa, biri ishirini, kumi za kulia na kumi za kushoto, na katika kila kumi zikikwama zaidi ya mbili, basi. Meza watapewa watu wawili wengine, na yeye atahamia chumba cha nyuma, kule wanakokonyoa uti wa majani. Chumba kile hakina dirisha. Mtu hukaa amegeukia ukuta na gunia lake, anavuta uti, anatupa, anavuta uti, mpaka kengele. Bi Kulia akakubali, na wenzake wakaona ana kiburi.

Kiburi anacho, sikatai. Lakini haikuwa hicho tu. Ukweli ni kwamba alikuwa akilinda kile kiti. Moyoni alikuwa anaiombea ile ndoa ivunjike, Mungu amsamehe, na ikivunjika mdogo wake arudi akute kiti chake palepale, na mto wake wa kukalia wenye kiraka. Hilo hakumwambia mtu. Mchana alisema kwa sauti kwamba sasa ana nafasi ya kunyoosha viwiko, na akifika nyumbani anapika chakula cha watu wawili. Kila siku alijiambia kesho atapunguza kipimo, na kila siku mkono ukachota kilekile. Kilichobaki akakila asubuhi, kikiwa baridi, amesimama.

Jumapili simu ililia. Aliijua namba. Akaiweka mezani, akaitazama inavyotetemeka kuelekea ukingoni mpaka ilipokoma. Ilipokoma akaikasirikia kwa kukoma. Jumapili ya pili vilevile. Ya tatu haikulia, akashinda kutwa nzima hajatoka nje hata kuanika nguo, asije akaikosa. Kisebusebu na kiroho papo.

Mkono wa kushoto, sasa. Aliuanzia nyumbani, kwa kuviringa magazeti ya zamani. Alipiga mswaki nao, akafunga vifungo nao, akamwaga chai nao. Ulikuwa mkono wa mgeni: unaagizwa hiki unaleta kile. Alikuwa akiusemesha. "Haya, bibi wee, shika. Usiminye. Nani amekwambia uminye?" Katika chumba kile hapakuwa na mwingine wa kumsemesha, kwa hiyo mkono ukasikia mengi: bei ya mkaa, jirani anayevuta viti, mdogo mtu asiye na shukrani.

Kiwandani alikuwa anaviringa za kulia asubuhi, haraka, bila kutazama, na za kushoto mchana, moja moja, kwa hofu, kama mtu aliyebebeshwa yai la mtu. Kalibu alizibeba mwenyewe sasa, akashangaa uzito wake. Na katika kufagia chini ya kile kiti akaokota kopo la mafuta ya kujipaka, kuukuu, limejaa vipande vyembamba vya jani la kiini, vimekauka. Akasonya. Mtu mzima anaficha takataka, na jani linavyopatikana kwa shida. Alitaka kulitupa, halafu akalirudisha palepale, kwa kuwa lilikuwa lake yule.

Mwezi ukatimia. Mpimaji akaja na sinia.

Huyu mpimaji walimwita Pafu. Zamani, kabla ya mashine, biri zilipimwa kwa mdomo, na yeye ndiye aliyekuwa akizivuta, kavu bila moto, mia kwa siku, anasema hii ndiyo, hii siyo. Mashine ikaja, wakamwachia aihudumie. Alihesabu kumi za kulia, kumi za kushoto, akaziweka mbalimbali. Meza za jirani zikapunguza maneno. Meza ya saba inapimwa. Wengine hawajawahi kuliona hilo tangu waajiriwe.

Akaanza na za kushoto. Bi Kulia alishika ukingo wa meza. Ya kwanza mshale wa mashine ukapanda ukatulia pale unapotakiwa. Ya pili, vivyo hivyo. Zilikuwa na sura mbaya kidogo, moja kofia yake, kile kipande cha jani kinachoziba ncha, imekaa upande, lakini zilivuta. Zote kumi. Bi Kulia akaachia pumzi aliyoishikilia mwezi mzima, akamtazama msimamizi kama kusema, umeona? Za kulia ndiyo hizo, kazi ya miaka thelathini na moja. Alishaanza hata kujifuta mikono.

Ya kwanza ya kulia mshale haukusogea. Ya pili ukatikisika ukarudi. Ya tatu, kimya. Zilipofika kumi, zilizovuta zilikuwa mbili.

"Mashine yako mbovu," alisema Bi Kulia.

Pafu hakubishana. Alichukua moja, akaikata kofia, akaitia mdomoni mwenyewe, akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Akaitoa. "Imeziba, Bi Kulia. Umeminya mno. Hata mbu hapitishi pumzi hapa."

"Ndivyo ninavyoviringa siku zote."

"Ndiyo," alisema Pafu. "Siku zote."

Msimamizi akasema atampa mpaka kesho asubuhi, biri kumi, za kulia tu, na alisema hivyo akitazama viatu vyake. Akaondoka. Pafu akabaki, anapanga biri kwenye sinia ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Mimi nilidhani unajua," alisema. "Wote tulidhani unajua. Mdogo wako akifika kwenye shinikizo, ule wakati wa kugeuza, alikuwa anazifungua zako. Moja moja. Anachomoa kipande ndani ya kiini, anafunga tena, anairudisha. Hakuna aliyemwuliza. Ana mkono mwepesi yule, unaona kageuza tu."

"Zangu?"

"Zake hazikuwa na shida."

Bi Kulia alikaa. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na waliosema hawakuwa wamekosea. Aliinama, akalitoa lile kopo chini ya kiti, akalifungua tena. Vilikuwa vipande vya kidole kwa urefu, vimenyooshwa vizuri, vimelazwa upande mmoja. Miaka minane meza haipimwi. Miaka thelathini na moja anawaambia watu kwamba aliyefundisha ni yeye. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi, kwamba mtu alimfanyia hivyo kila siku na hakuwahi kumwambia, hata jioni ile alipoambiwa aende.

"Ni kipande kimoja au viwili?" alimwuliza Pafu.

"Mimi niliona mkono. Idadi sijui. Mwulize mwenyewe."

Hakutaka kumwuliza mwenyewe. Alijaribu kwanza peke yake, si ndivyo alivyoapa? Aliviringa moja akachomoa vipande vitatu. Ikawa laini kama soksi, Pafu akaivuta akakohoa. Akaviringa nyingine akachomoa kimoja, ikaziba. Nyingine, kimoja tena, ikavuta. Mkono wake ulikuwa uleule, jani lilelile, na majibu hayalingani. Kazi hii kidole kimoja hakivunji chawa, na hapo alikuwa amebakiwa na hicho kimoja. Alikifikiria kile chumba cha nyuma, na ukuta wake. Akafuta mikono kwenye aproni, akatoka uani nyuma ya ghala, akapiga moyo konde, akabonyeza namba.

Iliita mara mbili tu.

"Dada?"

Alikuwa amepanga aanze na salamu. Badala yake akasema, "Ulikuwa unatoa kipande kimoja au viwili?"

 Kule upande wa pili alisikia msumeno ukikata mbao mbali kidogo, kisha ukanyamaza.

"Nani kakwambia?" aliuliza Bi Kushoto.

"Nimepimwa."

"Aa, dada." Sauti ilishuka. "Wamekutoa?"

"Kesho. Wamenipa mpaka kesho. Niambie idadi."

"Hakuna idadi. Inategemea na wewe. Siku ya kawaida kimoja. Ukiwa na jambo, viwili. Ukiudhika mkono wako unaminya, wewe mwenyewe husikii. Mimi nilikuwa nakijua kiini chako kabla sijakutazama usoni. Nikishaona viwili, siku hiyo siombi kitu."

Bi Kulia alicheka bila kutaka.

"Na siku ile uliyoondoka?"

"Vinne. Zile sikuwa nazifungua, nilikuwa nazitengeneza upya. Nilisema nisimwachie dada biri za kumwaibisha. Nikalia palepale, shinikizo likanitazama."

Uani hapakuwa na mtu. Magunia matupu yalianikwa ukutani, na paka wa ghala alilala juu ya moja. Bi Kulia alitaka kusema samahani. Neno lilikuwepo, lilifika mpaka kwenye meno, likaogopa. Akatafuta lingine, na alilolipata lilikuwa zito kuliko hilo.

"Shemeji hajambo?" aliuliza.

Hajawahi kumwita hivyo. Kwake alikuwa yule fundi, yule mtu, yule wa masanduku. Kule upande wa pili Bi Kushoto alivuta pumzi. "Hajambo, dada. Anakusalimu. Kila siku anauliza kama umepokea simu."

"Na wewe? Uko vizuri huko?"

Hapa ndipo alipokuwa na matumaini yake, yale mabaya, mpaka dakika ile. Neno moja tu la malalamiko lingemtosha. Kwamba chumba kinavuja, kwamba mwana wa mume ana mdomo.

"Niko vizuri," alisema mdogo wake, taratibu, kama anayemwekea mgonjwa kijiko. "Sitakudanganya. Nina raha, dada. Nakukumbuka mpaka natayarisha vikombe vitatu, lakini nina raha."

Bi Kulia aliitikia kwa kichwa, akasahau kwamba kwenye simu kichwa hakionekani.

"Sasa kesho," alisema Bi Kushoto. "Niambie kweli. Umenikasirikia bado?"

"Kidogo."

"Kama ni kidogo kweli, toa kimoja. Kama unanidanganya, mashine itasema."

Alirudi mezani. Alikaa kwanza bila kushika kitu, mikono juu ya ubao, akauacha uchungu upite, maana ulikuwepo na hakuna dawa ya kuuharakisha. Mtoto hatarudi. Alilisema kimoyomoyo, hivyohivyo, kama lilivyo. Kisha akaviringa kumi za kulia, bila haraka, akazibeba, akazibana, na wakati wa kugeuza akachomoa kimoja kutoka kila moja. Vipande kumi akavilaza kwenye lile kopo, juu ya vile vya mdogo wake, upande uleule. Akazibana tena, akazivisha. Jioni ile nyumbani alipika chakula cha mtu mmoja, kikawa kichache mno, akalala na njaa.

Asubuhi Pafu alizitia kwenye mashine. Mshale ulipanda ukatulia, ukapanda ukatulia. Ya nane ilisita, na watu wote wa meza za jirani wakasita nayo, halafu ikavuta. Zote kumi. Hakuna aliyepiga makofi, si watu wa makofi, ila mama wa meza ya sita alikohoa kidogo akarudi kwenye kazi yake.

"Basi meza ni yako, mama," alisema msimamizi, na alionekana amefurahi kwelikweli. Akaona kile kiti na mto wake wa kiraka, akakumbuka alivyojibiwa mara ya kwanza, akaamua kutangulia yeye mwenyewe. "Na kiti nimeelewa. Hatukigusi. Kina mwenyewe."

Bi Kulia alichukua jani jipya, akalikunjua juu ya ubao, akalikata katikati. Nusu ya kulia akaivutia kwake. Ya kushoto ikabaki pale ilipo, mbele ya kiti.

"Mtafute mtu, mwanangu, akae," alisema. "Mwenyewe ameolewa."